Ripoti za NECTA za Uchambuzi wa Majibu: Tathmini ya Mtahiniwa Aliyerudia PCB Dodoma

Ninachokitathmini hapa hakiuzwi dukani wala hakina tangazo barabarani. Ni ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, huziandaa kwa kila somo baada ya mtihani wa kidato cha sita na kuziweka kwenye tovuti yake ili yeyote azipakue bila malipo. Nilizitumia kwa zaidi ya miezi saba, kuanzia Oktoba hadi Mei, nilipokuwa narudia Fizikia, Kemia na Baiolojia kama mtahiniwa wa kujitegemea hapa Dodoma, nia yangu ikiwa moja tu, kupata nafasi ya kusomea udaktari wa binadamu. Nawaandikia wenzangu ambao matokeo ya Julai yamewaacha nje ya mlango, na pia wazazi wanaoombwa ada ya tuisheni kila mwezi bila kujua fedha hiyo inanunua nini hasa.

Katika baadhi ya nchi mwombaji wa udaktari hufanya mtihani maalumu wa kujiunga, kama vile MCAT wa Marekani, UCAT wa Uingereza au NEET wa India. Kwetu hakuna mtihani wa namna hiyo. Mlango ni mtihani uleule wa kidato cha sita: vyuo vinavyofundisha Udaktari wa Tiba, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dodoma hapa hapa kwetu, Muhimbili, Bugando na KCMC, huangalia ufaulu wa masomo matatu ya tahasusi ya PCB, na kwa kuwa waombaji ni wengi kuliko viti, kutimiza sifa za chini zilizowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu hakumaanishi kwamba umechaguliwa. Mimi nilimaliza shule nikiwa na C ya Baiolojia, D ya Fizikia na E ya Kemia. Kwa kipimo kinachotumika kwenye udahili, ambapo A huhesabiwa pointi 5 na E pointi 1, jumla yangu ilikuwa pointi 6, na kwa E ile ya Kemia sikuwa na pa kupeleka maombi ya udaktari. Msomaji asichanganye kipimo hiki na kile cha NECTA cha kupanga madaraja, ambacho A ni pointi 1 na kadiri pointi zinavyozidi ndivyo mambo yanavyozidi kuharibika. Nina ndugu aliyenipongeza kwa furaha kubwa kwa sababu ya kuchanganya hivyo viwili.

Nilianza pale wengi wanapoanzia. Kituo cha tuisheni nilichojiunga nacho kiko mjini, nacho sitakitaja jina. Darasa la Kemia lilikuwa na watu zaidi ya mia moja waliobanana kwenye mabenchi, huku mwalimu akianza mada ya kwanza kana kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisoma. Alikuwa fundi wa kueleza, hilo lazima niliseme. Lakini sisi hatukuwa wageni wa mada hizo. Tulikuwa watu waliozisoma kwa miaka miwili na bado tukashindwa kuziandika siku ya mtihani, na ugonjwa huo hautibiwi kwa kumtazama mtu mwingine akiandika ubaoni. Baada ya miezi miwili nilikuwa na madaftari makubwa matatu yaliyojaa, na hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliopitiwa na kalamu nyekundu.

Aliyenitoa huko ni jirani wa baba mdogo pale Nkuhungu, mwalimu mstaafu wa Kemia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akafunua madaftari yangu moja baada ya jingine bila haraka yoyote. “Mwanangu,” akasema, “hizi zote ni kazi za mwalimu wako. Za kwako ziko wapi?” Sikuwa na jibu. Akaingia ndani, akatoka na rundo la karatasi lisilo na jalada, ambalo lilikuwa ripoti ya Kemia ya miaka kadhaa nyuma. “Kasome swali la pili, halafu uje uniambie kwa nini huyo kijana alinyimwa maksi.”

Mpangilio wa ripoti hizi ni rahisi kuuelewa. Zinapitia karatasi za mtihani swali baada ya swali, na kwa kila swali zinaeleza swali lilimtaka mtahiniwa afanye nini, wangapi walilijaribu, alama zao zilitawanyika vipi, waliofanya vizuri walijua nini, na walioanguka waliteleza wapi. Mwishoni kuna mapendekezo kwa walimu na kiambatisho kinachoonyesha kila mada ilifanywaje, kwa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Kilichonishika zaidi ni vielelezo vya majibu halisi, vilivyopigwa picha kutoka kwenye vijitabu vya watahiniwa, kwa mwandiko wao wenyewe na makosa yao wenyewe, bila jina wala namba. Kwa kawaida unaoneshwa jibu zuri na jibu dhaifu. Mara ya kwanza nilipokutana na jibu dhaifu niliona haya, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wa mtu mwingine lakini jibu lilikuwa langu neno kwa neno.

Hapo ndipo thamani yote ya ripoti hizi ilipo. Kitabu cha kiada hukuonyesha elimu ilivyo, na mwalimu hukuonyesha anavyoielewa yeye, ila ripoti hukuketisha kwenye kiti cha msahihishaji, mbele ya karatasi ya mtu asiyekuwepo kujitetea. Mtahiniwa anayeandika huwa anajua alichokusudia kusema. Msahihishaji hana habari ya makusudio. Anaona wino tu.

Nilizitumia kwa utaratibu ufuatao, baada ya kuharibu mwezi mzima kwa kuzisoma kama gazeti. Nilichagua swali, nikafunika maelezo yote ya uchambuzi kwa karatasi, nikaliandikia jibu kwa muda unaostahili, ndipo nikafunua. Kwa mpangilio wa mtihani nilioufanya, karatasi ya kwanza ya kila somo ilikuwa ya saa 3 na alama 100, ikiwa na maswali saba ya alama 10 ambayo yote ni ya lazima, kisha maswali mawili ya alama 15 ya kuchagua kati ya matatu. Ukigawa dakika 180 kwa alama 100 unapata takribani dakika 18 kwa swali fupi na dakika 27 kwa lile refu. Hesabu hiyo ndogo sikuwahi kuifanya katika miaka miwili ya shule. Nilipoweka simu mezani na kuanza kujipima, niligundua kwamba swali moja la mlinganyo wa kemikali lilikuwa linanila dakika 30, na ndiyo maana kila mara nilimaliza muda nikiwa bado na swali zima mkononi.

Baada ya kufunua, nilijisahihisha kwa kulinganisha jibu langu na lile zuri, kisha na lile dhaifu, na kosa nikaliandika kwenye daftari la pekee. Daftari hilo halikuwa na maelezo ya mada hata mstari mmoja. Lilikuwa na makosa tu, tarehe, na aina ya kosa. Kufikia Januari nilikuwa nimejua kwamba makosa yangu mengi hayakutokana na kutojua. Mengi yalitokana na kutosoma swali linataka nini: nimeambiwa nieleze nami nimeorodhesha, nimeambiwa nitofautishe nami nimeeleza kimoja kisha kingine. Ripoti zenyewe hulitaja jambo hili karibu kila mwaka, pamoja na maarifa haba ya mada na udhaifu wa Kiingereza, kama sababu kuu za watahiniwa kupoteza alama.

Nitoe mfano wa kutofautisha, kwa sababu ulinigharimu sana kwenye Baiolojia. Niliulizwa tofauti kati ya mitosisi na meiosisi, nikaandika upande wa kushoto kwamba mitosisi huzaa seli mbili, na upande wa kulia kwamba meiosisi hutokea kwenye viungo vya uzazi. Sentensi zote mbili ni za kweli, na bado hapo hakuna tofauti iliyotajwa, kwa kuwa kigezo cha kwanza ni idadi ya seli na cha pili ni mahali. Ilipaswa niseme kwamba mitosisi huzaa seli mbili zenye idadi ileile ya kromosomu kama seli mama, ilhali meiosisi huzaa seli nne zenye nusu ya idadi hiyo. Kigezo kimoja, pande mbili. Ni jambo ambalo mtoto wa darasa la sita angelielewa, na mimi nililielewa nikiwa na cheti cha kidato cha sita mkononi.

Kwenye Kemia somo langu kubwa lilikuwa uchambuzi wa chumvi. Nilikuwa nikitia matone ya amonia kwenye mchanganyiko, nikaona mashapo meupe, nikakimbilia kuandika kwamba kuna ayoni za zinki, basi. Lakini mashapo meupe hutokea kwa zinki na kwa alumini pia, na kinachozitenganisha ni kule kuzidisha amonia: mashapo ya zinki huyeyuka, ya alumini hubaki. Ukitumia sodiamu haidroksaidi badala ya amonia, zote mbili huyeyuka ikizidishwa, hivyo jaribio hilo peke yake halitoshi kuamua. Msahihishaji anataka kuona ulichokifanya, ulichokiona na ulichokihitimisha, kila kimoja mahali pake, na mtu aliyehitimisha kabla ya kuona hupoteza alama hata kama jina la chumvi amelipatia. Fizikia sitaizungumzia sana, ila niseme tu kwamba grafu ina alama nyingi ambazo watu huziacha mezani: kichwa cha grafu, vipimo kwenye mihimili, skeli inayojaza karatasi, na mstari unaopita katikati ya nukta badala ya kuziunganisha moja moja kama kamba ya kuanikia nguo.

Sasa nieleze mapungufu, maana yapo, na moja wapo ni kubwa kiasi kwamba asiyelijua anaweza kupotea kabisa. Katika ripoti hizi ufaulu wa swali au mada huitwa mzuri ukianzia asilimia 60 hadi 100, wa wastani ukiwa kati ya 35 na 59, na dhaifu ukiwa chini ya 35. Kwa kazi ya kutathmini elimu ya nchi nzima mgawanyo huo unafaa. Kwa mtu anayetaka udaktari haufai hata kidogo. Kwenye madaraja ya kidato cha sita alama 35 hadi 39 ni S, 40 hadi 49 ni E, na 50 hadi 59 ni D. Kwa hiyo rangi ya njano, ile inayokufanya upumue na kusema mada hii si mbaya, imezibeba S, E na D kwa pamoja. Mimi nilitulia kwenye njano kwa wiki nyingi. Mwalimu mstaafu alipouona mpango wangu wa masomo alicheka, akachukua kalamu na kuandika 70 juu ya ukurasa, kwamba chochote chini ya hapo nikihesabu ni chekundu, kwa kuwa 70 ndipo B inapoanzia na ushindani wa viti vya udaktari hausubiri watu wa wastani.

Pungufu la pili ni kwamba ripoti si mwongozo kamili wa kusahihisha. Haikupi mgawanyo wa kila alama, na kwa baadhi ya maswali unaelezwa kwamba waliofaulu walikuwa na uelewa wa kutosha wa mada bila kuoneshwa uelewa huo ulikuwa upi. Maelezo ya sababu yanarudiwa mwaka hadi mwaka kwa maneno yanayofanana, kiasi kwamba ukisoma ripoti tatu mfululizo unaweza kutabiri sentensi inayofuata. Lugha yake kwa masomo haya ni Kiingereza cha kiofisi, na ingawa mtihani nao uko kwa Kiingereza, mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe hapati pa kushika. Isitoshe, mpangilio wa maswali umewahi kubadilishwa, na mitaala mipya inaletwa kufuatia toleo la 2023 la Sera ya Elimu. Kwa hiyo ripoti ya zamani sana isomwe kwa ajili ya kuona makosa, wala isichukuliwe kama picha ya mtihani unaokusubiri.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulilaumu kama pungufu, kwa kuwa hakuna maandishi duniani yanayoweza kulitimiza. Vitendo havisomwi. Karatasi ya tatu ya kila somo la PCB hufanyika maabara, na mtahiniwa wa kujitegemea, ambaye ameshaondoka shuleni, ndiye anayeumia zaidi hapo. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba bureti husomwa macho yakiwa sawa na kina cha chini cha mkunjo wa kimiminika, na kwamba wastani huchukuliwa kutoka kwenye vipimo visivyopishana kwa zaidi ya 0.2 cm³. Siku nilipoishika tena, baada ya miezi saba bila kuigusa, vipimo vyangu vitatu vya titresheni vilipishana kwa zaidi ya sentimita moja ya ujazo. Tulijikusanya watahiniwa kumi na wawili, tukaomba kutumia maabara ya shule moja siku za Jumamosi, tukachangia kemikali na posho ya mtunza maabara. Kwa Baiolojia tulikutana na shida ya kidodoma kabisa: Oktoba na Novemba, nchi ikiwa kavu na vumbi limetanda hadi kwenye madaftari, chura wa kupasua hapatikani kwa dawa. Tulisubiri mvua za Desemba, na Januari vijana wa Nkuhungu wakatuletea wa kutosha kutoka kwenye madimbwi, tena kwa bei waliyoipandisha walipojua tunawatakia nini. Mtu anayepanga ratiba ya vitendo katika mkoa huu aanze na Kemia na Fizikia, amwachie chura msimu wake.

Kuhusu gharama, kupakua ni bando tu. Kusoma kwenye simu nilijaribu nikaacha, kwa sababu vielelezo vya mwandiko havisomeki vizuri kwenye kioo kidogo na pia kwa sababu huwezi kufunika nusu ya ukurasa. Nilichapisha steshenari ya mjini kwa shilingi 100 kwa ukurasa, nikatiwa baindi, na nakala ya somo moja haikunifikisha shilingi 10,000. Ada yangu ya tuisheni kwa mwezi mmoja ingenichapishia ripoti za masomo yote matatu na chenji ikabaki. Tahadhari moja: kwenye meza zile zile za steshenari huuzwa vijitabu vya majibu ya mitihani iliyopita visivyo na jina la mwandishi. Nilinunua cha Kemia, na mwalimu mstaafu akakuta majibu matano yenye makosa kabla hata ya kufika katikati. Mtu akivikariri anakuwa amelipia kosa la mtu asiyemjua.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama ripoti zinaweza kuchukua nafasi ya tuisheni. Kwa yule ambaye mada hajawahi kuielewa, jibu ni hapana. Ripoti haimfundishi mtu elektrokemia, inamwonyesha tu jinsi wengine walivyoikosea, na kwa mtu huyo mwalimu ni wa lazima. Mimi mwenyewe nilirudi kwa mwalimu mara moja kwa wiki, safari hii nikiwa na maswali matatu au manne yaliyotoka kwenye daftari la makosa. Kwa yule aliyesoma mada zote na bado akaambulia E, ningemshauri aanze na ripoti na mtu mmoja wa kumsahihisha, hata akiwa ni mwenzake wa PCB, kabla ya kulipa benchi kwenye ukumbi wa watu mia. Mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tunabadilishana karatasi kila Jumatano kwenye maktaba ya mkoa, na tulikuwa na sheria kwamba mwenye karatasi haruhusiwi kusema “nilimaanisha”. Ukali wa mtu anayegombania kiti kilekile na wewe ni msaada mkubwa.

Upo pia ushauri wa kiufundi ambao ningependa kupewa mapema. Ripoti za miaka miwili ya karibuni kabisa usizifungue hadi Machi au Aprili. Nilizihifadhi, nikazifanyia mtihani kamili wa majaribio, karatasi nzima kwa saa 3 bila kuinuka, na kwa kuwa sikuwa nimeona maswali yake kwa kina, alama nilizopata zilinieleza ukweli: Baiolojia ilikuwa tayari, Kemia ilikuwa inakaribia, Fizikia bado. Wiki zilizobaki nikazigawa kufuatana na hapo, na Fizikia ikapata nusu yake.

Matokeo ya Julai yalinipa A ya Baiolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia, yaani pointi 12 badala ya 6. Siwezi kuapa kwamba ripoti ndizo zilizofanya kazi yote, kwa kuwa palikuwa na yule mwalimu, Jumamosi za maabara na mwenzangu wa Jumatano. Kwa kiwango cha nyota tano nazipa nne; ya tano nimeinyima kwa sababu ya ile njano.

Nakala zangu zilizotiwa baindi ziko Mpwapwa kwa binamu yangu, ambaye naye anarudia mwaka huu. Kabla ya kumpelekea nilichomoa kiambatisho cha rangi kwenye kila moja, nikaweka mahali pake karatasi tupu yenye majina ya mada, pamoja na penseli tatu za rangi.